Kuhani wa Matangani

Mmekuja kuniuliza namna ya kufundisha darasa la ubatizo. Vizuri, karibuni, kaeni. Mimi nilifundisha Kabuchai miaka mingi kuliko umri wa yeyote kati yenu, na miaka ya mwanzo nilifundisha makosa. Niliyafundisha kwa sauti kubwa na kwa moyo wote, na watu wakayakariri bila kukosea hata kidogo. Kwa hiyo msidhani mmekuja kuchota hekima. Mtapata makosa yangu, na mtayasikiliza mpaka mwisho, kwa sababu chai bado haijachemka.

Kwanza mambo madogo. Usifundishe baada ya ugali wa mchana. Hata malaika Gabrieli akija Kabuchai saa nane, atakuta watu wanakoroma. Usianzishe darasa jipya wakati wa palizi. Mtu akijibu vibaya usimcheke, huenda ni wewe uliyemfundisha. Na kabla ya kupanga viti, uliza nani ni mkwe wa nani. Mimi nilikuwa nimekaa Kitale miaka kadhaa, sikujua tena nani ameoa wapi, na siku yangu ya kwanza nikamketisha Mzee Walumoli benchi moja na Nasimiyu, mjane wa marehemu mwanawe. Baba mkwe na mkamwana, bega kwa bega, na kwetu ni mwiko hao kukaribiana. Mzee aliruka kama aliyekalia siafu. Kuanzia siku ile alisomea kizingitini, mgongo kwetu, akijibu maswali yangu kuelekea kwa ng'ombe.

Nasimiyu na Walumoli ndio waliokuwa wanafunzi wangu wakali kuliko wote. Walikuja darasani mwezi mmoja baada ya kumzika huyo kijana, kila mmoja kwa njia yake, kwa sababu walikuwa wamesikia kwamba kuna mahali watu wanazungumza habari za wafu kufufuka. Hawakuja kwa ajili ya jina la kizungu kama wengine. Walitaka kujua.

Sasa nyinyi mnajiuliza mimi nilijua nini. Nilijua Kiswahili, bana. Nilikichota Kitale, kwenye chokaa. Reli ilikuwa imefika juzi tu na Wahindi walikuwa wanajenga maduka, nami nikapata kibarua cha kumkorogea udongo Fundi Salimu, mwashi aliyetoka Mombasa. Mtu yule alikuwa na ulimi mtamu kuliko ndizi za Chwele. Ukisema neno vibaya alikuwa anaacha mwiko, anakuangalia kwa huruma, anakuambia, "Mwanangu, Kiswahili kimekukosea nini?" Nilikaa naye miaka minne. Niliporudi nyumbani nilikuwa na kanzu moja, baiskeli moja, na majivuno ya kutosha watu sita.

Asubuhi moja Fundi Salimu aliniambia, "Leo hatujengi. Nakwenda kuhani." Mwenzake mmoja alikuwa amefiwa. Akanibebesha sukari, tukaenda. Tulikuta wanaume wameketi mkekani. Tukaketi. Hakuna aliyehubiri. Tulikaa mpaka mguu wangu ukafa ganzi, tukaondoka. Njiani nikamuuliza kuhani ni kitu gani hasa. Akasema, "Kuhani ni kwenda kukaa na mfiwa. Maneno ayapeleke wapi? Anachotaka ni makalio ya watu chini." Nikaliweka neno hilo kichwani, nikalifungia huko.

Bwana Misheni wa Kitale ndiye aliyenipa kazi. Alikuwa Mzungu mrefu, mwenye Kiswahili alichokisomea vitabuni, kilichonyooka kama uzi wa fundi. Akanipa kijitabu cha maswali na majibu, akaniambia kila Oktoba atakuja mwenyewe kuwapima. Ndani ya kijitabu kulikuwa na swali ambalo nimelilia na kulichekea maisha yangu yote: Kristo ana kazi gani? Jibu: ni nabii, ni kuhani, ni mfalme. Basi. Hakuna maelezo. Aliyeandika alidhani mwalimu anajua.

Nabii hakutusumbua. Sisi Wabukusu manabii tunawajua, kila ukoo una wake anayebishana na wa ukoo mwingine.

Mfalme akatusumbua. Hatukuwahi kuwa na mfalme. Mmoja tuliyemsikia alikuwa kwenye picha ofisini kwa DC, amejaa nishani kifuani, hata hajui sisi ni nani. Nikaona nitumie neno la karibu, nikasema mfalme ni mwami, yaani chifu. Lo, nilichagua wiki mbaya. Askari wa chifu walikuwa wamepita juzi wakikusanya watu wa kuchimba barabara.

Kutoka kizingitini Walumoli akauliza, "Mwarimu, huyu mwami wako mwingine, barabara yake inatoka wapi inaenda wapi?"

Nikajiona mjanja. Nikasema, "Yake inaenda mbinguni, Mzee."

Akawaza kidogo. "Basi ni ndefu. Atataka watu wengi."

Jumapili iliyofuata wanaume walibaki watatu. Na Oktoba ilipofika, Bwana Misheni akamuuliza mmoja wa hao watatu Kristo anafanya nini kama mfalme, naye akajibu bila kusita, "Anatuma askari asubuhi mapema." Wote wakaanguka mtihani. Hakuna aliyebatizwa mwaka ule, hata akina mama walioimba vizuri. Bwana Misheni akanivuta kando, kwenye mti wa mparachichi, akaniambia kwa upole, na upole wake ulikuwa mbaya kuliko matusi, "Mwalimu, mwakani wakianguka tena nitalifunga darasa hili. Wewe utarudi Kitale kwenye udongo wako."

Sikulala vizuri mwaka mzima. Si udongo niliouogopa. Nilimwogopa Nasimiyu. Jioni ile, baada ya kuanguka, alikuja akaniuliza kama darasa likifungwa ataenda kuuliza wapi, maana darasa jingine la karibu lilikuwa ng'ambo ya mto Nzoia, na yeye ana watoto watatu na jembe moja. Nikamwambia darasa halitafungwa, nikajisikia mwongo.

Basi nikaanza upya na mfalme. Nikakumbuka kwamba kabla ya machifu hawa wa serikali wazee wetu walikuwa na omukasa, yule mzee wa ukoo mwenye bangili ya shaba mkononi. Omukasa hakuwa na askari wala jela. Ndugu wakipigana, akiingia tu uani wanaweka rungu chini. Nikawaambia, huyo ndiye mfalme tunayemsema. Nikamwona Walumoli, kwa mara ya kwanza, amegeuza shingo kuangalia ndani. Wanaume wakarudi mmoja mmoja mpaka wakawa watano, pamoja na wanawake watatu. Wanafunzi wanane. Nikaona nimeshinda.

Kuhani je? Hapa ndipo nataka mnisikilize, na wewe hapo acha kuangalia birika. Neno usilolijua halina hatari, utamuuliza mtu. Linalovunja watu shingo ni lile wanalojidai kulijua. Walimu wenzangu wa Kimilili waliandika barua Kitale kuuliza kuhani ni nini. Mimi nikawacheka. Mimi niliyepikwa na Mombasa niulize nani? Nikawafundisha watu wangu kwamba kuhani ni yule anayekuja matangani kukaa na wafiwa, na kwamba Yesu ndiye mkubwa wao wote.

Mtasema, lakini Mwalimu, Injili ulikuwa nayo, hukuwaona wale wakuu wa makuhani waliomhukumu? Niliwaona. Nikawaeleza vizuri sana. Nikawaambia hao walikuwa wazee waliozoea kula matangani, na mwaka ule vifo vilikuwa vichache, wakaona afadhali watafute maiti wenyewe. Darasa zima likaitikia kwa kichwa. Walumoli akasema anawajua wazee wa namna hiyo, akataja wawili.

Oktoba ikafika. Bwana Misheni akaja peke yake, na hapo lazima niwaambie jambo. Mwaka uliotangulia alikuja na mkewe, mama mnene mwenye kicheko, aliyekuwa anapenda kupima vitambi vya watoto kwa kidole. Mama huyo alikuwa amekufa kwa homa mwanzo wa mvua, akazikwa Kitale. Habari tulizipata. Tulisikitika, tukasema pole kwa midomo, na hakuna aliyekwenda. Nyumba ya Mzungu unaingilia mlango gani? Ukishaingia unakaa juu ya kitu gani? Tukakaa kwetu.

Aliingia kanisani kwetu, kibanda cha udongo, akaketi kwenye kiti pekee. Alikuwa amekonda, kola imemlegea shingoni. Hakutuuliza habari za mahindi. Akafungua kijitabu, akaanza na Walumoli, aliyekuwa kizingitini kwake kama kawaida.

"Je, mzee, Kristo ni nabii, ni kuhani, na ni nini tena?"

Walumoli akawajibu ng'ombe kwa sauti ya kujivunia, "Yesu ni mkasa wetu."

Mungu wangu. Nilikuwa nimelifundisha neno hilo kwa Kibukusu, omukasa, na mzee akalivalisha Kiswahili mwenyewe. Na mnajua mkasa ni nini kwa Kiswahili. Ni balaa, ni jambo la kuwashangaza watu.

"Mkasa?" Bwana Misheni akauliza. "Yesu ni mkasa?"

"Mkubwa sana," akasema Walumoli. "Akiingia kwa boma, watu wanawacha kupigana."

Nikaanza kutafsiri, Bwana Misheni akaninyamazisha kwa kiganja. Mzee akaeleza mwenyewe habari za bangili ya shaba na rungu kuwekwa chini, Kiswahili chake kikichechemea lakini kinafika. Bwana Misheni akaandika kitu kwenye karatasi. Sikujua kama ni alama nzuri au ni nauli yangu ya kurudi Kitale.

"Na kuhani," akaendelea, "kuhani hutoa nini?"

"Sukari," akasema Walumoli.

"Sukari?"

"Ama unga. Si ni kulingana na uwezo?"

Bwana Misheni akafunga macho. Alipoyafungua alisema polepole, kama mtu anayejisemea, "Kuhani hutoa sadaka. Huchinja mwana-kondoo, huiweka damu madhabahuni kwa ajili ya dhambi za watu."

Ndipo nilipojua. Kumbe ni maneno mawili yaliyovaa kanzu ileile. Lile la Fundi Salimu ni kazi ya kufanya, hili la kijitabu ni cheo cha mtu, na mimi kwa miezi kumi nilikuwa nimemwondoa Mwokozi madhabahuni nikamketisha mkekani na ratili ya sukari. Jasho lilinishuka mpaka kwenye soksi. Nikahesabu wanane walioketi mbele yangu, wote wamelishwa kosa hilohilo, na hakuna muda hata wa kunong'ona.

Akamgeukia Nasimiyu. "Mama, labda wewe. Kuhani ni nani?"

Nasimiyu akasimama, akajifunga leso vizuri. "Ni yule anakuja matangani."

"Nani amekufundisha hivyo?"

"Mwarimu."

Niliangalia dirisha. Lilikuwa dogo, nisingepita.

"Anakuja kufanya nini huko matangani?" Bwana Misheni aliuliza kama mtu aliyechoka, anayetaka kumaliza tu.

Nasimiyu akatazama chini, kwa sababu ya baba mkwe. "Bwana wangu alipokufa, watu walikuja. Wengine waliuliza habari ya mbuzi. Wengine waliuliza ni nani amemroga. Chifu hakuja, alituma askari aseme pole. Siku ya tatu wote wakaenda. Mimi nikabaki naangalia mlango. Mwarimu ametufundisha huyu ni mfalme. Lakini hatumi askari. Anakuja mwenyewe, anakaa chini. Na hakuji kama mgeni, kwa sababu hata yeye alizikwa. Anajua vile kunakaa. Huyo ndiye nimetafuta."

Pale kizingitini, Walumoli alikuwa amefunika uso kwa kofia yake.

Kalamu ilikuwa mkononi mwa Bwana Misheni lakini haiandiki. Na Nasimiyu, ambaye alipaswa kuketi, hakuketi. Akauliza, kwa ile sauti ya kumuuliza jirani kisimani, "Na wewe, Bwana, Mama alipotuacha, ni nani alikuja kwako?"

Nilitamani kumvuta leso. Bwana Misheni akafikiri, nikaona kweli anafikiri, anatafuta. Akasema, "Barua zilikuja. Nyingi."

"Barua," akasema Nasimiyu. "Lakini barua haikai chini."

Sikuwapa ishara. Nataka mlijue hilo, kwa sababu baadaye watu walinisifu. Walumoli ndiye aliyeanza. Aliinuka kizingitini, akapiga hatua moja ndani, mbali na mkamwana wake kama inavyotakiwa, akasogeza benchi kando, akaketi sakafuni. Nasimiyu akaketi upande wa pili. Wengine sita wakafuata, mmoja mmoja, mpaka Bwana Misheni akabaki juu ya kiti chake peke yake, mbele ya watu wanane walioketi kwenye vumbi. Akatazama kiti. Kisha akashuka, magoti yakalia, akaketi nao.

Mimi nikabaki nimesimama, na nafsi inanila. Ningeweza kunyamaza. Nyinyi mngenyamaza, msinidanganye. Mambo yalikuwa yanaelekea vizuri, na mwenye akili angeacha yaende. Lakini nilimwona Nasimiyu pale chini, amejibu kwa maisha yake yote swali ambalo mimi nilimharibia, na nikaona siwezi kumwacha abatizwe juu ya uongo wangu.

"Bwana," nikasema, "nimekosa. Kuhani wa kijitabu ni mtoa sadaka, umesema mwenyewe. Hili la matangani ni neno jingine la watu wa pwani. Nimewafundisha vibaya, wote. Kosa si lao. Kama ni kufunga darasa, nifukuze mimi, hawa waachie mwalimu mwingine."

Hakuinua kichwa. "Najua, Mwalimu. Nililijua tangu aliposema sukari." Halafu akapapasa vumbi kando yake. "Keti chini."

Nikaketi. Tulikaa mpaka kivuli cha mlango kikafika katikati ya sakafu. Ng'ombe wa Walumoli wakaingia kwenye shamba la mtu, tukawasikia, na hakuna aliyetoka. Mwishowe Bwana Misheni akachukua kitabu chake, akakiweka juu ya goti, akaandika majina manane ya watakaobatizwa Jumapili. La Walumoli alilikosea. Akaniuliza bila kunitazama, "Na siku ya tatu, wafiwa wa kwenu hufanya nini?"

"Tunanyolewa nywele, Bwana," nikasema.

Akavua kofia. Alikuwa na upara toka siku nyingi, unang'aa, hata unywele wa dawa huupati. Akaupapasa huku na huku, kama mtu anayetafuta, kisha akaanza kucheka. Walumoli akacheka, Nasimiyu akafunika mdomo kwa leso, nasi wote tukacheka. Sisi tulipomaliza, yeye alikuwa bado ameshika kichwa, mabega yanatikisika, na kicheko kilikuwa kimeisha zamani. Nasimiyu akasogea kidogo karibu, akaendelea kukaa.